Droo ya Miwani

Mwandiko ule mhariri angeutambua hata gizani. Ulikuwa wa mkewe, juu ya bahasha iliyoandikiwa Miwani, mhariri mwenzake wa meza ya pili. Na hii ilikuwa Ijumaa ya tatu mfululizo!

Miwani alisoma, akashusha pumzi, akaifungia bahasha kwenye droo. Mhariri aliona yote, roho ikamuuma kama jino bovu.

Ofisi yao ilikuwa ikitunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mkuu wao aliwagawia maneno ya hisia kwa siri, kila mtu fungu lake, wasije wakaibiana mawazo. Kila neno lilihitaji sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu, iandikwe kwenye kadi pamoja na msemaji wake: si jina, ila mama, fundi, jirani. Wasomaji wa kujitolea walituma za kwao kwa posta.

Mhariri alipewa wivu. Kumbe Waingereza wana neno la kutamani cha mwenzio, na lingine la kulinda kilicho chako. Hilo la pili lilimtoa jasho. Mwezi mzima hakupata hata sentensi moja. Angeipata wapi? Yeye hakuwa mtu wa wivu. Alipenda tu, basi.

Jumatatu alikuwa amemsubiri mkewe mlangoni, macho kwenye saa.

"Dakika arobaini kununua sabuni?"

"Foleni tu, mume wangu. Muulize mwenye duka."

Alikwenda akamuuliza. Mwenye duka alikubali kwamba foleni ilikuwepo, mhariri akaanza kumshuku hata yeye.

Miwani alipotoka kwenda kunywa chai, mhariri alijaribu ufunguo wa droo yake mwenyewe kwenye droo ile. Ukazunguka. Leo nitamfumania mtu, aliwaza.

Kadi zilipangwa kwa uzito wa hisia: nyepesi mbele, nzito nyuma. Za mkewe, kwa mwandiko uleule, zilikuwa nyuma kabisa, rundo zima. Mapenzi mazito, basi! Machozi ya hasira yakamlenga. Akaichomoa ya mwisho.

"Foleni tu, mume wangu. Muulize mwenye duka."

Msemaji: mke.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaona karatasi iliyobandikwa ndani ya droo, kwa mkono wa mkuu wao, ikitaja fungu alilopewa Miwani: hofu.