Meno ya Mama Mkwe

Mama mkwe aligeukia ukutani kwanza, ndipo akayatoa meno ya bandia. Hata siku ya kupimwa alikuwa ameona haya kufungua mdomo mbele ya mkwewe, fundi meno.

"Maumivu haya ni uzee tu, mwanangu. Meno uliyonitengenezea hayana kosa."

Fundi alilipokea lile bamba jembamba la chuma lililobeba meno manne. Lilikuwa bado na joto la mdomo.

"Hebu nione, mama."

Mama alisita, akaachama kidogo. Kaakaa lilikuwa limewiva, na wekundu wake ulifuata umbo la bamba, pembe kwa pembe, kama mhuri.

Karakanani kwake kulikuwa na makopo mawili. La kwanza lilikuwa la kobalti na kromu, madini ambayo mdomo huyapokea bila taabu. La pili lilikuwa la mchanganyiko wenye nikeli, wa bei rahisi. "Kobalti niwawekee wateja," alijiambia siku ya kuyatengeneza meno haya, na mkono ukaenda kwenye kopo la pili. Ilhali alijua kwamba hereni za bei rahisi humvimbisha mama huyu masikio, kwa sababu ya nikeli hiyohiyo.

Mkewe alichungulia mlangoni. "Ulimwekea kobalti, sivyo? Maana majirani wote wameshatangaziwa."

Fundi alilifumbata bamba kiganjani.

"Kobalti tupu," mama mkwe alimjibia. "Kwani mkwe wangu angenipa nini kingine?"

Akanyoosha kiganja arudishiwe meno yake. Ngumi ya fundi ilikataa kufunguka.