Kondoo kwa Samaki Wanne

Khethisa aliinamisha pipa taratibu, na samaki wa kwanza akateleza, akatumbukia mtoni kama jiwe. Akazama. Akalala ubavu. Mzee akabana pumzi. Kisha samaki akapiga mkia mara moja, akajificha chini ya mwamba.

"Ishi, shetani wewe," Khethisa alimwambia. "Mpaka mchana tu. Sikuombi zaidi."

Akamwaga wa pili, wa tatu, wa nne. Maji yalikuwa baridi ya kukata vidole. Theluji ilikuwa bado imeng'ang'ania upande wa mlima usiopata jua, ingawa mipichi nyuma ya nyumba ilikuwa imekwisha kutoa maua. Tarehe mosi Septemba. Leo msimu wa uvuvi unafunguliwa, na leo Seabata anakuja.

Samaki hao aliwatoa kwenye vizimba vya kufugia samaki katika bwawa kubwa, mwendo wa siku nzima na punda. Kondoo mmoja kwa samaki wanne. Vijana wa vizimbani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Ntate, mzee wetu, hiyo ni mahari! Unaoa samaki?"

Khethisa aliinama juu ya pipa. Alikuwa anawakagua samaki. Wanene, sawa, lakini mikia yao ilikuwa imelika kwa kusugua nyavu za vizimba. Samaki wa mtoni hana mkia wa namna ile. Njia nzima aliomba Seabata asitazame mikia.

Mto ulikufa kiangazi kilichopita. Mvua ilikataa, maji yakabaki madimbwi, samaki wakaelea matumbo juu mpaka hakubaki hata mmoja. Khethisa hakuwalilia. Yeye hali samaki. Baba yake alimwita samaki nyoka wa maji, na yeye humwita hivyo hivyo. Aliyemlilia ni Seabata.

Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Dereva huyo wa lori kutoka mji wa Maseru alikwama hapa kwenye theluji siku moja, akapewa kitanda na uji, na kesho yake akaona mto. Tangu hapo hakukosa siku ya kwanza ya uvuvi. Siku moja kwa mwaka. Siku zilizobaki, tangu mke afariki na wana wawili wamezwe na migodi, Khethisa huongea na punda.

Na mvuvi haji mahali pasipo na samaki. Hilo hata punda analijua.

Jua lilipogusa paa, gari lilisikika likihema mlimani. Seabata alishuka, blanketi begani, tumbo mbele.

"Ntate Khethisa! Bado hujafa?"

"Nife, nani akuzike wewe na tumbo hilo? Litataka kaburi la ng'ombe."

Walishikana mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ndani, Khethisa alikata mkate uliotoka chunguni wakati huo huo. Seabata alikula vipande viwili, cha tatu akakitia mfukoni.

"Watu wa barabarani wanasema mito ya huku ilikauka," alisema, akipuliza chai.

"Watu wa barabarani hawana kazi. Samaki wamejaa. Nenda dimbwi la chini, pale penye mwamba. Kwingine usijisumbue."

Seabata alimtazama kidogo juu ya kikombe. "Haya. Kama umesema wewe."

Khethisa aliushika mkoba wa uvuvi ambebee mgeni. Ulimvuta mkono chini, mzito kama wa fundi mawe. Seabata akaunyakua upesi.

"Wacha, ntate. Na usinifuate. Kivuli chako hufukuza samaki."

"Kivuli changu! Na hilo tumbo lako je?"

Lakini hakumfuata. Hakuwahi kumfuata miaka yote. Alikaa mlangoni na blanketi lake, upepo ukimchoma masikio. Itakuwaje kama wamekufa? Itakuwaje kama wamepita kwenye mawe, wakaenda zao chini? Alitoka mara tatu mpaka kwenye zizi, mara tatu akarudi. Chai ya pili ilipoa bila kunywewa.

Mchana Seabata alipanda kutoka mtoni, na mkononi samaki waling'aa wakiwa wametungwa kwenye unyasi.

"Wanne!" alipiga kelele tangu mbali. "Mto wako huu, ntate, hauna mfano nchi hii!"

Khethisa aliwapokea. Walikuwa wameganda, wagumu kama kuni.

"Baridi hiyo," Seabata alisema haraka. "Mtu mwenyewe nimeganda."

Mzee aliwageuza mmoja mmoja. Mikia ilikuwa imelika, yote minne. Moyo ukamtulia. Seabata alikuwa anatazama mlima, wala hakuiona.

Akamwachia samaki wawili, kama kila mwaka, na kama kila mwaka Khethisa alishukuru, akijua watakuwa wa mbwa.

"Mwaka ujao?" aliuliza, akijifanya kukaza kamba ya punda.

"Nyumbani ananingoja nani? Redio." Seabata aliwasha gari. "Nitakuja. Samaki wasipoisha."

"Hawaishi," Khethisa alisema. Alikuwa amekwisha kumchagua kondoo.

Gari lilishuka, likapotea nyuma ya mlima, na ukimya ukarudi kukaa mahali pake. Khethisa alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akachukua ndoo, akateremka dimbwi la chini kuteka maji.

Makombo ya mkate wake yalikuwa yanaelea kando ya mwamba, na samaki wanne wenye mikia iliyolika walikuwa wanayagombea.