Nguchiro na Miche Mirefu ya Kakakuona

Nguchiro na Kakakuona walipanda bangi kwa wakati mmoja, mashamba yao yakipakana. Miche ya Nguchiro ikageuka manjano, kwa sababu aliimwagilia maji kila alipoona ya jirani imeipita.

"Punguza maji, jirani, uwe na subira," Kakakuona alimwambia.

"Unanikataza ili unizidi."

Kijicho kikamkaba Nguchiro. Kakakuona alipolala, aliing'oa miche mirefu yote ya mwenzake akaipanda kwake.

Asubuhi Kakakuona aliiona huko, wala hakugomba.

"Hiyo ni midume," alisema. "Ni kama mpapai dume, hurefuka upesi na haizai. Nilikuwa nangoja tu ijionyeshe, niing'oe."

Nguchiro akaitazama miche mifupi iliyobaki kwa jirani.

"Kumbe mizuri ulinificha," akasema.