Maji ya Kumbatizia Mzee

Padri alikuwa safarini Idodi, na baba yake Skolastika, kwa kikohozi kilichokuwa kikimmaliza, asingeweza kumngoja. Skolastika akafanya kama walivyofundishwa parokiani: mtu akiwa kufani, yeyote anaweza kumbatiza, mradi awe na maji.

Alipapasa gizani mwa moshi wa jikoni, akashika kibuyu, akammiminia mzee kwenye paji la uso.

"Yosefu, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Ndipo harufu ikampiga. Ulikuwa ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo mzee aliona heri akose ubatizo kuliko kuiacha.

Tone moja lilimteremka hadi mdomoni. Akalilamba taratibu, akatabasamu.

"Kumbe maji yenyewe ndiyo haya," alisema. "Na mimi nayakimbia miaka yote, mwanangu."

Ulanzi haubatizi. Mtungi nao ulikuwa mkavu. Skolastika alichukua kikombe, akatoka kukinga mvua chini ya paa.

Yalikuwa manyunyu tu. Kikombe kilikuwa hakijalowa hata kitako aliposikia kile kikohozi ndani kimenyamaza.