Taa ya Kijani Jikoni

Siku hizi kila nyumba lazima ipime anga, na huunganishwa na nyumba nyingine inayopima kwa njia tofauti. Ambakisye wa Tukuyu hupima nyota zinazolipuka. Gumato, mwanamke wa Marsabit, hupima mwanga mkongwe kuliko nyota zote. Jioni vipimo vyao vikikubaliana kuhusu kasi ya ulimwengu kutanuka, taa ya kijani huwaka jikoni.

"Tumepatana tena!" Ambakisye husema akiichekea taa, ugali ukimpoa.

"Mmepatana nini? Hata sura yake huijui," mkewe, Tusekile, humjibu. Yeye hakuchekewa hivyo hata siku ya harusi.

Jumamosi alianika mablanketi mabichi juu ya darubini ya mumewe, makusudi. Alipoyaanua, darubini ilikuwa imeinama kidogo. Akaiacha vivyo hivyo.

Jioni taa ikawaka nyekundu. Tusekile alikula akashiba.

"Sheria inasema vipimo vikipingana," Ambakisye alisema taratibu, "wapimaji wakae nyumba moja, wapime pamoja mpaka vipatane. Gumato anakuja kwetu."

Gumato alipofika, Tusekile alimpokea begi mlangoni. Lilikuwa zito, begi la mtu asiyetarajia kupatana upesi.