Simu ya Mwisho ya Lugano

Siku hizo kila familia ilipewa kipande kimoja tu cha kioo cha kuhifadhia sauti za marehemu wake. Ili zienee humo, mashine ilizibana kwanza kwa kufuta kila neno ililoweza kulikisia, mwanga wa leza ukachora yaliyobaki, na wakati wa kusikiliza mashine ikajaza mapengo kwa kukisia. Rekodi halisi zilifutwa kwa mujibu wa sheria.

Atupele, mjane wa Mbeya, alirudi nyumbani na kioo cha mumewe, Lugano. Binti yake Sekela akakipachika kwenye redio. Ilikuwa simu yao ya mwisho, siku waliyogombana. Atupele aliisikia sauti yake mwenyewe ikilia na kuomba msamaha. Akajikaza kuungoja ule ukimya mrefu ambao Lugano alimwachia kabla ya kukata simu.

"Yameisha, mke wangu," sauti ya Lugano ikasema. "Nimekusamehe."

Atupele akaigeukia redio.

"Mama! Hukuniambia kuwa baba alikusamehe!" Sekela alisema, machozi yakimlengalenga.

Atupele aliingia chumbani, akampigia fundi aliyekichora kioo. "Mume wangu hakuyasema hayo."

"Mama, mashine imemjua kwa simu zake za miaka thelathini. Hukosea mara chache sana."

"Na hapo imekosea?"

"Hatuna tena cha kulinganishia, mama."

Aliporudi sebuleni, Sekela alikuwa anairudia simu ile. Atupele akaketi kando yake. Mara ya tatu alijikuta akiitikia, "Ahsante, baba Sekela," na hakuwa na hakika tena siku ile ilikwishaje.