Chupa ya Tatu

Kinyozi alikisukuma kidude chake cha umeme chini ya mto wa sofa, akatoka mbio huku mkono ukipapasa kiberiti mfukoni.

Wiki ya tatu sasa sofa hilo ndilo kitanda chake. Mkewe alishakata hukumu: "Mimi tangu nizaliwe sijaonja hata sigara moja, halafu ninuke moshi wako? Hamia sigara ya umeme. Ukimaliza chupa tatu za maji yake, utarudi kitandani."

Na alijaribu jamani! Lakini sigara ya moto ina mwanzo na mwisho: unawasha, unakung'uta jivu, inaisha, unarudi kwa mteja. Kidude kile hakiishi. Siku ya kwanza alikivuta mpaka mteja akasinzia kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Kesho yake akarudi na kiberiti chake nyuma ya duka lake la kunyolea.

Cha ajabu, maji yalipungua! Kila jioni mkewe alikichukua kidude, akakiinua kwenye taa. "Hongera, baba watoto! Leo umekivuta kweli kweli."

Kinavuja, kinyozi aliwaza, akajipaka losheni ya wateja mpaka masikioni kuficha harufu ya sigara. Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua.

Na mkewe siku hizi alikuwa mchangamfu huyo! Anaimba jikoni, anatafuna pipi za mnanaa kutwa. "Chupa ya tatu lete ya embe," alimwambia. "Stroberi inakinaisha." Kinyozi akaleta ya embe.

Jumamosi asubuhi alimkuta anatandika shuka mpya. "Maji yamebaki kiduchu. Leo unarudi kwako, bingwa wangu."

Kinyozi nusura aruke sarakasi. Lakini saa sita, akiwa kwenye sigara ya nne, roho ikamsuta. Mke anakuamini hivi, unamdanganyaje? Alitupa pakiti nzima mtaroni, akafunga duka, akakimbia nyumbani. Atakiri yote, hata kama atazeekea kwenye sofa.

Alisukuma mlango bila hodi.

Wingu la embe lilimpokea usoni. Mkewe alikuwa amejinyoosha kwenye sofa, macho kayafumba nusu, anapuliza kiduara cha moshi kikapita katikati ya kingine.

"Funga mlango upesi, baba watoto," alisema. "Unanimalizia moshi."